Tiketi Zimekwisha, Lakini Mlanguzi Anazo: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Shabiki wa Karatina ameamka na simu mkononi. Ameambiwa tiketi za tamasha zitaanza kuuzwa mtandaoni saa nne asubuhi. Saa nne na dakika chache anajaza jina lake, anaweka nambari ya simu, ukurasa unazunguka, kisha anaambiwa tiketi za bei ya kawaida zimekwisha. Kabla ya chakula cha mchana, tiketi za tamasha hilo hilo zinatangazwa kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook kwa bei mara mbili au mara tatu. Anayeuza hana jina kamili, ana nambari ya simu tu, na anamhimiza atume pesa haraka kwa sababu "zimebaki mbili".

Wakazi wengi wa Nyeri, Othaya, Mukurwe-ini na Nanyuki wameyapitia haya, iwe ni usiku wa mugithi, tamasha la mwimbaji kutoka nje ya nchi au mechi ya Harambee Stars. Na msongamano utazidi. Mwaka 2027 Kenya, Uganda na Tanzania zitaandaa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Makala haya yanaeleza walanguzi wanavyozipata tiketi, kwa nini tiketi ya mtu wa tatu ni hatari, sheria inasema nini, na mkazi afanye nini kabla na baada ya kulipa.

Funzo la Kasarani

Mfano wa karibu zaidi ni wa Agosti 2025, nchi hizo tatu zilipoandaa michuano ya CHAN. Harambee Stars walianza kwa kuilaza Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo 1-0 mnamo Agosti 3 katika uwanja wa Kasarani. Wakatoka sare ya 1-1 na Angola Agosti 7, kisha wakaifunga Morocco 1-0 Agosti 10. Kadiri timu ilivyozidi kufanya vizuri, ndivyo watu walivyozidi kumiminika uwanjani, na baadhi yao waliingia kwa nguvu bila tiketi.

Shirikisho la Soka Afrika, CAF, lilichukua hatua. Kwa mechi dhidi ya Zambia ya Agosti 17, idadi ya watazamaji ilipunguzwa hadi 27,000, ingawa Kasarani hubeba watu wengi zaidi ya hao. Aidha, mashabiki waliagizwa waje na tiketi za kielektroniki pekee.

Aliyeumia ni nani? Ni shabiki mwaminifu, aliyekuwa tayari kulipa bei halali. Viti vilipungua huku wanaovitaka wakibaki wale wale, au hata wakiongezeka, kwa kuwa timu ilikuwa inashinda. Mashabiki wengi walilalamika kwamba tiketi zilikwisha mtandaoni kabla hawajazifikia. Viti vikiadimika namna hiyo, mlanguzi hupata soko.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Tiketi feki na tiketi za kuuzwa mara mbili huleta msukumano langoni. Msukumano huzaa uvunjaji wa vizuizi. Vizuizi vikivunjwa, wasimamizi hupunguza viti, na viti vikipungua bei ya mlanguzi hupanda. Anayemlipa mlanguzi leo anaisukuma duara hiyo hiyo itakayomfungia nje kesho.

Walanguzi huzipata wapi?

Kwanza, ni vyema kujua kwamba si kila kiti cha ukumbi huuzwa kwa umma. Sehemu fulani hutengewa wafadhili, wageni wa wasanii, wanahabari na wafanyakazi. Kwa hiyo ukumbi wa watu 3,000 haumaanishi kwamba kuna tiketi 3,000 zinazosubiri wanunuzi mtandaoni.

Pili, waandaaji wengi hugawa bei kwa awamu: tiketi za mapema zenye bei nafuu, tiketi za kawaida, kisha tiketi za langoni zenye bei ya juu. Mlanguzi huvizia awamu ya kwanza. Anatumia simu kadhaa, laini kadhaa na majina ya jamaa na marafiki, ili kila mmoja anunue idadi ya juu inayoruhusiwa. Anazishikilia hadi zikiadimika, kisha anaanza kuuza.

Katika nchi tajiri, kazi hiyo hufanywa na programu za kompyuta zinazojifanya maelfu ya wanunuzi kwa wakati mmoja. Novemba 15, 2022, tiketi za ziara ya mwimbaji Taylor Swift nchini Marekani zilipoanza kuuzwa kwa waliojisajili mapema, mtandao wa Ticketmaster ulizidiwa na mauzo kwa umma yaliyopangwa siku tatu baadaye yakafutwa. Suala hilo lilifika mbele ya kamati ya Seneti Januari 2023, ingawa Marekani ilikuwa na sheria dhidi ya programu hizo tangu 2016. Ireland ilienda mbali zaidi: kwa sheria ya mwaka 2021 ilipiga marufuku kuuza tena tiketi za matamasha na michezo kwa bei inayozidi ile ya awali katika kumbi kubwa.

Hesabu inaonyesha pesa zinakokwenda. Tuseme tiketi ya tamasha ni Sh1,000 na mlanguzi mmoja amekusanya tiketi 300. Akiziuza kwa Sh3,000 kila moja, anapata faida ya Sh600,000. Katika faida hiyo msanii hapati hata shilingi moja. Mpiga gitaa hapati, mwandaaji hapati, wala mwenye ukumbi hapati. Mlanguzi hakuongeza hata kiti kimoja. Alichofanya ni kusimama kati ya shabiki na kiti kilichokuwa tayari.

Wapo wanaouliza: kwa nini mwandaaji asipandishe bei mwenyewe? Baadhi hufanya hivyo. Lakini wengi wanajua kwamba ukumbi uliojaa mashabiki halisi, watakaonunua chakula na vinywaji na kurudi mwaka ujao, una faida kuliko ukumbi nusu wa wenye uwezo. Bei ya chini ni uamuzi wao wa kuwakaribisha watu wa kawaida. Mlanguzi huugeuza ukarimu huo kuwa mfuko wake.

Isichanganywe hapa. Mtu aliyeugua au aliyefiwa, akamwachia jirani tiketi yake kwa bei ile ile aliyonunulia, si mlanguzi. Tofauti iko katika nia na bei.

Tiketi ya siku hizi ni nini hasa?

Zamani tiketi ilikuwa kipande cha karatasi. Aliyekishika ndiye aliyeingia. Leo tiketi ni nambari iliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya mwuzaji, na ile picha ya miraba meusi na meupe, yaani msimbo wa QR, ni njia tu ya kuisoma nambari hiyo haraka.

Langoni, mhudumu anapoiskani, mashine huuliza mambo mawili: je, nambari hii ipo? Je, imeshatumika? Ikiwa ipo na haijatumika, lango linafunguka na nambari inawekewa alama kwamba imetumika. Ikija mara ya pili, inakataliwa, hata kama aliyeileta mara ya pili ndiye aliyelipa pesa nyingi zaidi.

Hii ndiyo sababu skrinshoti ya tiketi si tiketi ya kuaminika. Tapeli anaweza kununua tiketi moja halali, akaipiga picha, kisha akaiuzia watu kumi. Wote kumi wana picha inayofanana na wote wanaamini wamenunua. Atakayefika langoni kwanza ataingia. Tisa watabaki nje wakibishana na mhudumu ambaye hana kosa.

Mbinu nyingine ni ya ukurasa bandia. Tapeli hunakili bango la tamasha, hubadilisha nambari ya malipo peke yake, kisha hulisambaza kwenye makundi. Mnunuzi anaona picha ya msanii anayempenda, tarehe ni sahihi, ukumbi ni sahihi, ila pesa zinaingia kwenye simu ya mtu asiyehusika.

Kuna pia hatari inayosahaulika: saiba. Wakazi wengi ambao hawana simu ya kisasa huchapishiwa tiketi kwenye saiba za mjini. Faili ikiachwa kwenye kompyuta, au WhatsApp ikiachwa wazi kwenye mashine hiyo, yeyote atakayeketi hapo baadaye anaweza kuichukua na kufika langoni mapema.

Hasara si ya pesa tu

Kwa mkazi wa Mlima Kenya, tiketi mbovu ina gharama ya ziada. Kutoka mjini Nyeri hadi Nairobi ni takriban kilomita 150, na kutoka Nanyuki ni karibu 200. Anayekataliwa langoni saa mbili usiku ameshalipa nauli ya kwenda, ameacha kazi au duka, na huenda hana pa kulala. Pesa za tiketi ni sehemu tu ya alichopoteza.

Zaidi ya hayo, kuna usalama. Watu wanaokataliwa langoni mara nyingi hawaondoki. Wanasimama pale pale, wakipiga simu kwa aliyewauzia, huku nyuma yao foleni ikiongezeka. Muziki ukianza ndani, msukumano unaanza nje.

Kenya inajua uchungu wa msongamano langoni. Oktoba 23, 2010, mashabiki saba walifariki katika mkanyagano uwanjani Nyayo wakati wa mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Jijini London, Desemba 15, 2022, umati uliokuwamo na watu wengi wasio na tiketi ulisukuma milango ya ukumbi wa Brixton alipokuwa akitumbuiza mwimbaji wa Nigeria, Asake. Watu wawili walipoteza maisha. Kila tukio lilikuwa na sababu zake, lakini yote mawili yanaonyesha jinsi lango linavyoweza kugeuka mtego pale watu wengi kupita kiasi wanapolikimbilia kwa pamoja.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa kila mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, habari anazohitaji ili afaidike nazo, ulinzi wa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na fidia anapopata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza mienendo isiyo ya haki, ukiwemo udanganyifu kuhusu kinachouzwa. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya nayo hupokea malalamiko kuhusu matangazo ya uongo na ya kupotosha wanunuzi.

Anayeuza tiketi asiyokuwa nayo, au anayeuza moja kwa watu wengi, anafanya kosa la jinai. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 313, inahukumu kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu kwa kifungo cha hadi miaka mitatu. Anayetengeneza ukurasa bandia ili kunasa taarifa za watu anaweza kushtakiwa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka 2018. Adhabu ya kosa hilo ni faini isiyozidi Sh300,000, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili.

Kwa upande wa serikali za kaunti, Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi shughuli za utamaduni, burudani za umma na michezo, pamoja na usimamizi wa biashara. Upelelezi na mashtaka hubaki mikononi mwa polisi na afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kwa hiyo aliyetapeliwa aanzie kituo cha polisi kilicho karibu naye.

Kabla ya kulipa

1. Tafuta chanzo. Nenda kwenye ukurasa rasmi wa msanii, klabu au mwandaaji, na ufuate kiungo kilichowekwa hapo. Usifuate kiungo kilichotumwa kwenye kundi, hata kama kimetumwa na mtu unayemfahamu. Huenda naye ametumiwa tu.

2. Soma jina kabla ya kuweka nambari ya siri. Unapolipa kwa M-Pesa, jina la anayepokea huonekana kabla hujakamilisha malipo. Ukiona jina la mtu binafsi mahali ulipotarajia jina la kampuni, simama hapo.

3. Jisajili mapema. Kama mwuzaji anahitaji akaunti, ifungue siku moja kabla. Hakikisha pesa ziko kwenye simu na kwamba zinatosha pamoja na ada ya kutuma. Wengi hukosa tiketi wakiwa bado wanatafuta wakala.

4. Zingatia mtandao. Anayeishi sehemu ambayo intaneti ni dhaifu anaweza kumwomba jamaa aliye mjini amnunulie. Aandikishe jina na nambari ya simu ya atakayehudhuria, si ya jamaa huyo.

5. Usiharakishwe. Maneno kama "zimebaki mbili" na "tuma sasa hivi" ni ya kukunyima nafasi ya kufikiri. Waandaaji wengi hutoa tiketi za ziada karibu na siku yenyewe, wafadhili wanaporudisha zile wasizotumia.

Baada ya kununua

Usiweke picha ya tiketi mtandaoni. Furaha ya kuonyesha marafiki kwamba umeipata inaweza kumpa mtu mwingine nafasi ya kuingia kwa jina lako. Ukichapisha saibani, futa faili, toka kwenye barua pepe na WhatsApp, na uhakikishe karatasi za majaribio hazikubaki kwenye mashine. Hifadhi ujumbe wa malipo hadi tamasha liishe.

Ukishindwa kwenda, uliza kwanza kama mwandaaji anarudisha pesa au anaruhusu kubadilisha jina. Tiketi iliyobadilishwa jina kwenye mfumo hupewa nambari mpya, na ile ya zamani hufa. Hiyo ndiyo njia salama ya kumwachia mwingine. Na uiachie kwa bei uliyonunulia.

Ukishatapeliwa

Fanya haraka, kwa sababu pesa hutolewa kwenye simu kwa dakika chache. Kwa M-Pesa, tuma ujumbe wa muamala kwa 456 kuomba malipo yarudishwe, na uripoti nambari ya tapeli kwa 333. Kurudishiwa hakuna uhakika, hasa pesa zikiwa zimeshatolewa, lakini ripoti yako inaweza kuwaokoa wengine.

Kisha nenda kituo cha polisi, uandikishe taarifa na upewe nambari ya OB. Beba ujumbe wa malipo, nambari ya simu ya aliyekuuzia, mazungumzo yenu yote na ile tiketi uliyopewa. Usifute chochote kwa hasira au aibu. Idara ya Upelelezi wa Jinai pia hupokea taarifa bila malipo kupitia 0800 722 203.

Ikiwa aliyekukosea anajulikana, kwa mfano mwandaaji aliyeahirisha tamasha akakataa kurudisha pesa, ipo Mahakama ya Madai Madogo. Husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, mlalamishi anaweza kujitetea bila wakili, na sheria inataka kesi ikamilike ndani ya siku 60. Watu kumi waliopoteza Sh1,000 kila mmoja wana sababu nzuri ya kuandika malalamiko yao pamoja.

Kwa waandaaji wa hapa nyumbani

Nyeri ina uzoefu wa umati mkubwa. Mei 2015, umati mkubwa ulifika mjini kwa ibada ya kumtangaza Sista Irene Stefani, Nyaatha, kuwa mwenyeheri, na Juni 1, 2017 sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika Kabiru-ini. Anayeandaa onyesho Ruring'u, Kabiru-ini au katika ukumbi wa hoteli anaweza kumzuia mlanguzi kwa hatua ambazo hazina gharama kubwa.

Aweke kikomo cha tiketi kwa kila mnunuzi. Aandike jina kwenye tiketi na kuwataka wageni waje na kitambulisho, jinsi abiria wa Madaraka Express wanavyofanya. Atangaze wazi ni tiketi ngapi zinauzwa kwa umma na saa ngapi. Aweke kituo cha kukagua tiketi mbali kidogo na lango, ili mwenye tiketi mbovu asaidiwe kando bila kuziba njia. Na tiketi zikikwisha, atangaze mapema kwamba hakuna mauzo langoni, ili watu wasisafiri bure kutoka Kieni au Tetu.

Mugithi, kama kila mkazi ajuavyo, maana yake ni garimoshi: watu hujipanga, mikono mabegani, na mstari husonga kwa pamoja. Anayekatiza katikati huvuruga mchezo wa wote. Foleni ya tiketi nayo ni vivyo hivyo, na mlanguzi ataendelea kuikatiza mradi tu kuna wa kumlipa. Tiketi zikikwisha kwa njia halali, kukosa tamasha moja kunauma. Lakini kunauma kidogo kuliko kulipa mara tatu na kusikilizia muziki nje ya ukuta.